Mpiga Bagipaipu Harusini: Mafunzo Niliyopata Nikisimamia Harusi Uskoti

Tangu binti wa dada yangu aolewe huku Uskoti, simu yangu haiishi maswali. Watanzania wenzangu wa Glasgow, Wakenya wa Aberdeen, na hata ndugu wa Dar wanaojiandaa kuja kuoza watoto wao huku, wote wanauliza jambo lilelile: yule baba wa sketi anayepuliza mfuko anapatikanaje, anatoza kiasi gani, na je, akija shughuli inanoga kweli au ni kelele tu?

Mimi ni mama mdogo wa bibi harusi. Kwa kuwa dada yangu anaishi Tanga, uenyekiti wa kamati kwa upande wetu uliniangukia mimi niliyeko Glasgow. Bwana harusi ni Mskoti, mtoto wa mkulima wa karibu na Stirling. Mama yake alikuwa na ombi moja tu, kwamba mwanawe atoke kanisani kwa bagipaipu kama walivyotoka baba na babu yake. Basi nimekaa na mpigaji, nimejadiliana na watu wa hoteli, nimewatuliza wazee, na tangu hapo nimeitwa kusaidia harusi nyingine za namna hii. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Mpe kazi ya kuhamisha watu

Wengi humkodi mpiga bagipaipu kama pambo. Wanataka asimame pembeni, avae zile nguo zake, apigwe picha. Halafu wanashangaa kwa nini baada ya robo saa wageni wamechoka naye.

Bagipaipu ni chombo cha mwendo. Imeongoza askari barabarani, imesindikiza majeneza makaburini, na harusini kazi yake haibadiliki: kuwatoa watu hapa na kuwafikisha pale. Ukitaka kumwelewa haraka, mfikirie kama matarumbeta ya kwetu. Maharusi wakitoka kanisani Tanga au Dar, bendi inapanda pikapu, magari yanafuata nyuma yamewasha taa na kupiga honi, na mtaa mzima unajua leo kuna harusi. Hakuna anayewapanga wapiga matarumbeta kwenye kona ya ukumbi wakati watu wanakula pilau.

Kwa desturi ya Uskoti, mpigaji anaweza kupewa nafasi nyingi. Anapiga nje wageni wakiwasili, anampokea bibi harusi akishuka garini, anawatoa maharusi mlangoni baada ya ndoa kufungwa, anaongoza msafara hadi ukumbini, anawaingiza maharusi meza kuu. Pakiwa na hagisi, kile chakula chao cha moyo, maini na mapafu ya kondoo, yeye humtangulia mpishi kutoka jikoni kuileta mezani. Wengine huongeza na keki.

Usichukue zote. Sisi tulichagua tatu: kumpokea bibi harusi, kuwatoa maharusi kanisani, na kuwaingiza ukumbini. Nje ya hapo alikaa kimya. Matokeo yake, kila alipoanza kupiga watu walijua jambo jipya linaanza, wakainuka wenyewe bila kuhimizwa. Mshereheshaji wetu, ambaye amezoea kubembeleza wageni warudi vitini, hakulazimika kusema neno.

2. Sauti yake haipunguzwi

Inafaa kamati ijue chombo chenyewe kinavyofanya kazi, maana mipango mingi inategemea hapo. Mpigaji anapuliza pumzi kwenye mfuko ulio kwapani, kisha anaubana kwa mkono. Hewa inatoka kwa pamoja kwenye bomba la vidole, lenye matundu ya kuchezea wimbo, na kwenye mabomba matatu yaliyoegemea begani, mawili mafupi na moja refu la besi. Hayo matatu hutoa mvumo usiokatika tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa kuwa hewa inasukumwa na mfuko, mpigaji hawezi kupiga kwa sauti ya chini, wala hawezi kunyamaza katikati ya wimbo akaendelea. Ndiyo maana vidole vyake vinarukaruka vile. Noti mbili za aina moja zikifuatana, njia pekee ya kuzitenganisha ni kuchomeka kinoti kidogo cha haraka katikati.

Ukisimama karibu naye, sauti inazidi desibeli 100. Uwanjani, penye upepo na miti, hilo ni jambo la kupendeza. Kwenye chumba chenye dari fupi ni balaa. Nilihudhuria harusi moja ambako mpigaji aliwekwa nyuma ya meza ya wazee wakati wa supu. Bibi mmoja alichomoa kifaa chake cha kusikia, akakifungia kwenye pochi, akaendelea kunywa supu yake. Wenzake wasio na kifaa cha kuchomoa walivumilia hivyohivyo hadi viazi vilipoletwa.

Kwa hiyo tuliweka utaratibu. Ukumbini anaingia akipiga, anawafikisha maharusi meza kuu, anamaliza. Dakika mbili au tatu zinatosha. Wageni wenye watoto wachanga, na familia moja yenye mtoto anayeteseka na kelele, tuliwaweka karibu na mlango wa pembeni na tukawaambia mapema ni saa ngapi atapita. Ukitaka muziki wa taratibu wakati wa chakula, zipo bagipaipu ndogo za Kiskoti, ambazo nyingi hujazwa hewa kwa mvukuto unaobanwa na kiwiko badala ya kupulizwa kwa mdomo. Sauti yake ni ya kadiri, watu wanaweza kuongea. Wapigaji wengine wanazo zote mbili, muulize tu.

3. Wanakwaya wajue kuwa noti ni tisa tu

Kwaya yetu ya Watanzania wa Glasgow ilitaka kuimba na mpigaji wakati wa ibada. Wazo zuri, lakini lina mipaka yake.

Bagipaipu ina noti tisa, basi. Kwa wanaosoma do-re-mi, ziandike hivi kutoka chini kwenda juu: fa, so, la, ti, do, re, mi, fa, so. Wimbo ukishuka hadi mi ya chini, umekwama. Ukipanda hadi la ya juu, umekwama. Mwalimu wa kwaya akae na karatasi yake kabla ya kuahidi chochote. Wimbo wa “Amazing Grace” unaingia bila shida kwa sababu noti zake zinaanzia so ya chini na kuishia so ya juu, na bendi ya kikosi cha Royal Scots Dragoon Guards iliurekodi hadi ukashika namba moja Uingereza mwaka 1972. Nyimbo nyingi za Bongo Fleva hazitoshei humo, hata mpigaji awe hodari namna gani.

Tatizo la pili ni ufunguo. Noti ambayo mpigaji anaiandika A, ukiisikiliza kwenye kibodi ni B bemoli, tena iliyopanda kidogo. Mpiga kibodi mwenye chombo cha kisasa anaweza kuhamisha ufunguo na kurekebisha sauti hadi wakutane. Kinanda cha mabomba cha kanisa la zamani hakirekebishiki hivyo. Kanisa letu lilikuwa na kinanda cha aina hiyo, kwa hiyo mchungaji, mpiga kinanda na mpigaji wetu walikubaliana kwa maneno machache: kinanda kikipiga, bagipaipu inasubiri nje, bagipaipu ikipiga, kinanda kimefungwa. Kwaya ikaimba yenyewe kwa sauti nne, na hakuna aliyelalamika.

4. Uliza kila wimbo una kazi gani

Kijana mmoja kwenye kamati alipata mtandaoni wimbo mtamu sana uitwao “Flowers of the Forest”, akataka bibi harusi aingie nao. Mpigaji alipolisikia jina lake, alitikisa kichwa kwa heshima. Ule ni wimbo wa maombolezo ya waliouawa katika vita vya Flodden mwaka 1513, na wapigaji wengi hawaupigi hadharani isipokuwa mazishini na kwenye kumbukumbu za waliokufa vitani. Kuuomba harusini ni sawa na kuomba parapanda. Hata “Amazing Grace” niliyoitaja hapo juu, kwa Waskoti wengi inakumbusha jeneza kuliko keki.

Kwa upande mwingine, usidhani kila kinachosikika kuwa cha kale ni cha kale. “Highland Cathedral”, wimbo unaopendwa mno kwenye harusi za huku, ulitungwa mwaka 1982 na Wajerumani wawili, Ulrich Roever na Michael Korb. Ni wimbo wa mwendo wa taratibu, wenye fahari, na ndio uliomleta binti yetu hadi mlangoni. Nao “Mairi's Wedding”, licha ya jina lake, ulitungwa kumpongeza mwimbaji Mary C. MacNiven, aliyeshinda medali ya dhahabu kwenye tamasha la Wagaeli liitwalo Mòd mwaka 1934. Ni mwepesi, unachezeka, na ulitutoa kanisani tukiwa tunacheka.

Wazee nao wana kumbukumbu zao. Dada yangu aliniuliza kwa simu: “Mdogo wangu, mbona mnaleta muziki wa msiba kwenye harusi ya mtoto?” Alikuwa na haki. Kwake yeye bagipaipu ni ile aliyoiona kwenye televisheni Septemba 2022, katika mazishi ya Malkia Elizabeth. Sikumjibu kwa maelezo marefu. Nilimtumia kwa WhatsApp rekodi fupi za miziki ya kuchezwa, zile za haraka, akazisikiliza na mashoga zake. Jibu lilirudi jioni: “Huu hata sisi tunaucheza.”

Ukweli ni kwamba chombo hiki kimepita kotekote. Baada ya vita vya Culloden, mwaka 1746, mpigaji mmoja aitwaye James Reid alinyongwa mjini York. Alijitetea kwamba hakubeba silaha, bali bagipaipu tu, na mahakama ikaihesabu bagipaipu yenyewe kuwa chombo cha vita. Leo hiyohiyo inamsindikiza bibi harusi. Kinachoamua kama ni vita, msiba au furaha ni wimbo uliochaguliwa, kwa hiyo uchague pamoja na mpigaji, si kwa kuambiwa na mtandao.

5. Mpe chumba kikavu na muda wa kujiandaa

Bagipaipu haitolewi kwenye sanduku ikaanza kulia vizuri papo hapo. Ndimi zake za matete hubadilika kwa baridi na unyevu, na mabomba yote manne lazima yalinganishwe yaimbe sauti moja. Mpe robo saa au zaidi, mbali na wageni, na umkanye mpiga picha asimsumbue. Siku ya mvua, na Uskoti mvua haina msimu, hakikisha kuna baraza au mti wa kujikinga. Mbao zikitoka kwenye joto kwenda kwenye baridi ghafla zinaweza kupasuka.

Mbao zenyewe ndizo zilizotupa mazungumzo bora ya siku ile. Tulimpa mpigaji chumba kidogo nyuma ya kanisa. Mjomba wetu, mzee wa Tanga aliyekuja na koti alilonunuliwa na watoto wake, alimfuata humo kwa sababu kulikuwa na hita. Mpigaji alipokuwa akipanga vipande mezani, mjomba aliliokota bomba la vidole, akalipima uzito kiganjani, akalikwaruza kwa ukucha, akalinusa.

“Mpingo huu,” akasema.

Nikamfasiria mpigaji. Akasema ndiyo, anajua kwamba bagipaipu nzuri hutengenezwa kwa mti huo wa Afrika, ila hajawahi kukutana na mtu anayeujua ukiwa umesimama porini. Mjomba alimweleza kwamba mti wenyewe haunyooki, unakua taratibu hata aliyeupanda anaweza asiuone ukifaa kukatwa, gome lake ni la kijivu, na weusi uko ndani, umefunikwa na mbao nyeupe. Kipande chake ukikitupa majini kinazama. Yote ni kweli. Mpingo unaostawi kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji ndio unaotengenezwa bagipaipu, klarineti na obo za dunia, na mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha kuvuna misitu yao bila kuiharibu.

Kisha mjomba akachomoa ulimi wa matete uliokuwa ndani ya bomba, akautazama kwenye mwanga. “Mwambie hii ni zumari,” akaniambia. Na kweli, bomba lile lina ulimi wa tete mbili kama zumari ya pwani. Tofauti ni kwamba mpiga zumari wetu hujaza hewa mashavuni na kuvuta pumzi puani huku akiendelea kupuliza, wakati Mskoti ameyatoa mashavu yake akayaweka kwapani. Mpigaji aliposikia hivyo alicheka hadi akalazimika kuanza kulinganisha upya.

Wakutanishe wazee na mpigaji mapema. Kuanzia saa ile mjomba hakuwa mgeni tena. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaeleza ndugu zetu mpigaji anafanya nini na kwa nini amesimama pale.

6. Kila mtu avae chake

Mpigaji huja na mavazi yake: kilti, kijimkoba cha mbele, soksi ndefu na kofia. Wapo wanaovaa vazi kamili la kijeshi lenye kofia kubwa ya manyoya, na hilo mara nyingi lina nyongeza ya bei. Kilti kamili hutumia zaidi ya mita saba za kitambaa cha sufu, kwa hiyo usishangae akitokwa na jasho siku yenye jua. Mistari ya kitambaa, iitwayo tartani, ina wenyewe. Tangu 2009 kuna rejista ya taifa ya Uskoti inayoorodhesha tartani, za koo, za miji, za mashirika na hata za watu binafsi.

Baadhi ya ndugu walitaka tumvalishe shati la kitenge cha sare yetu. Nilikataa, na bado nashauri hivyo. Mtu anayefanya kazi ya mikono na pumzi aachwe kwenye nguo alizozoea. Badala yake tulitafuta mahali ambapo chombo chenyewe kinakubali kupambwa. Bendi za jeshi za huku huning'iniza kibendera kwenye bomba refu la besi, basi dada yangu akatuma kutoka Tanga kipande cha kitenge cha sare, upana wa kiganja, kimepindwa pande zote. Mpigaji alikifunga mwenyewe, chini ya mdomo wa bomba ili kisizibe hewa. Kwenye picha za kutoka kanisani utakiona kikipepea juu ya bega lake, na pande zote mbili za familia zimezitundika picha hizo ukutani.

7. Pangeni zamu ya vigelegele

Hili wataalamu wa harusi wa huku hawatakuambia, kwa sababu hawalijui. Bagipaipu na vigelegele vyote hukaa juu, na vikigongana hakuna kinachosikika. Nilikutana na mashangazi usiku wa kuamkia harusi, nikawaeleza: mpigaji anapiga kutoka mlangoni hadi kwenye lango la uwanja wa kanisa. Akifika langoni anageuka, anakata. Mvumo ukikatika tu, uwanja ni wenu.

Walielewa kuliko nilivyotarajia, maana zamu ni kitu wanachokijua tangu ngomani. Mpigaji alipogeuka na kubana pumzi ya mwisho, vigelegele vililipuka kabla mwangwi haujaisha. Waskoti waliganda kidogo, kisha wakaanza kupiga makofi, na mama wa bwana harusi akajaribu kupiga chake. Hakikuwa kibaya.

Hotelini tuligundua jambo jingine. Miziki ya haraka ya Waskoti iitwayo jigi huhesabiwa sita kwa nane, mapigo mawili makubwa, kila moja likigawanyika mara tatu. Chakacha ya pwani nayo inatembea kwenye sita kwa nane. Mpigaji alipoongeza jigi moja kwenye uwanja wa nyuma ya hoteli kwa ombi la bwana harusi, mjomba alianza kugonga meza ya bustani kwa vidole, shangazi mmoja akafunga khanga kiunoni, na dakika chache baadaye kulikuwa na duara la watu ambao hawakuwa na lugha ya pamoja. Ukiwa na mpiga ngoma wako, mkutanishe na mpigaji kabla ya siku, na mwombe jigi. Mimi sijaona njia fupi kuliko hiyo ya kuunganisha wakwe.

8. Andikeni makubaliano, na muiheshimu saa

Bei tulizotajiwa zilikuwa kati ya pauni 150 na 300, kutegemea umbali, mavazi, na muda wa kusubiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo pesa zinapopotelea. Mpigaji anayetakiwa kanisani saa nane na ukumbini saa kumi na moja anahesabu mchana wake wote. Zisogeze kazi zake zikaribiane, utaokoa.

Andika kwenye ujumbe, hata kama ni barua pepe fupi: tarehe, saa, anwani ya kila mahali, nyimbo, mahali pa kujiandaa, nani wa kumpa ishara, na nani atamlipa. Omba ruhusa ya kanisa na ya hoteli kabla. Hoteli nyingine zina majirani na masharti ya kelele. Mpigaji wa kukodi asikilizwe kwanza, ama kwa kuhudhuria mahali anapopiga, ama kwa rekodi isiyochezewa. Glasgow ina kituo cha taifa cha muziki huu, National Piping Centre, na kila Agosti mashindano ya dunia ya bendi za bagipaipu hufanyika Glasgow Green, kwa hiyo mtu wa kukuelekeza kwa mpigaji hodari hakosekani.

Sasa saa. Nasema haya kwa upendo. Jumamosi za kiangazi mpigaji mzuri anaweza kuwa na harusi mbili kwa siku. Akisema ataondoka saa kumi, ataondoka saa kumi, bibi harusi awe ameshuka garini au yuko saluni. Ndugu zetu tuliwaandikia kwenye kadi muda wa nusu saa kabla ya ule wa kweli. Wote walifika kwa wakati, na waliofika kwa saa ya kadi walipewa chai.

9. Kikombe chake kiwe na anachoweza kunywa

Desturi ni kwamba akimaliza, mpigaji hupewa tone la wiski. Kwenye harusi nyingi hutumika kikombe kifupi chenye masikio mawili, kiitwacho kweki, ambacho wenyeji na wageni hukipokezana kwa mikono miwili kama ishara ya kuaminiana. Familia yetu, kama familia nyingi za Tanga, ina Wakristo na Waislamu, na mjomba hagusi pombe. Tulizungumza mapema na wakwe. Mama wa bwana harusi akasema kinachohesabika ni kikombe na mikono, si kilichomo. Kikajazwa juisi ya tufaha, kikazunguka kwa wote bila mtu kujieleza.

Mpigaji mwenyewe naye alikunywa juisi. Tangu Desemba 2014 sheria ya Uskoti kuhusu pombe na udereva ni kali kuliko ya sehemu nyingine za Uingereza, na yeye alikuwa na gari. Chupa yake ndogo alifungiwa, akaenda nayo nyumbani pamoja na sahani ya pilau iliyofunikwa kwa foili. Msiache kumlisha. Hakuna anayepuliza vizuri akiwa na njaa, na wapigaji wengi huondoka harusini wakiwa hawajaulizwa hata kama wamekula.

Kabla hujalipa amana, chukua karatasi uchore njia ambayo maharusi watatembea kwa miguu siku hiyo, kutoka wapi hadi wapi. Kama shughuli yote iko ndani ya chumba kimoja, ibada, chakula na muziki humohumo, usimkodi. Pesa hiyo iongeze kwenye chakula au kwenye ngoma. Lakini kama kuna njia ya kutembea, hata ya hatua hamsini kutoka mlango wa kanisa hadi langoni, mlete, mwambie atangulie, nanyi mfuate.